Kucha, Kuogopa na Kikombe cha Samunge

Machi 2011, dereva wa Land Cruiser aliyesimama Mto wa Mbu kujaza mafuta akiulizwa anakwenda wapi, alijibu neno moja: kikombe. Hakuhitaji kutaja Loliondo wala Samunge. Chombo cha kunywea chai kilikuwa kimegeuka jina la safari, la dawa na la matumaini, na nchi nzima ikaelewa bila kuandikiwa kamusi. Fulani "amepata kikombe". Fulani "bado yuko kwenye foleni ya kikombe". Kamati za istilahi hukaa miaka kutafuta neno ambalo watu watalikubali, na mara nyingi watu hawalikubali. Hili lilikubalika kwa wiki chache, kutoka Karatu hadi Nairobi. Nadhani sababu yake inafaa kuchunguzwa na kila anayejali jinsi Wakristo wa nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro wanavyozungumza kuhusu maradhi na hofu.

Mwenye kikombe alikuwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, aliyeishi Samunge, katika nchi ya Wasonjo, wilaya ya Ngorongoro. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni mwaka 1991. Mizizi ya mti ambao Wasonjo huuita mugariga na Wamasai olamuriaki ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, na mgonjwa akanywa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa shilingi 500. Masharti yalikuwa mawili: dawa inywewe palepale Samunge, na itoke mkononi mwa mchungaji mwenyewe. Hakuna kubeba kwenye chupa. Foleni ya magari ikafika kilomita nyingi, wapo waliofia njiani, na mwishoni mwa Machi yeye mwenyewe akaomba watu wapya wasije kwa muda ili waliokwama wahudumiwe kwanza. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati alimuunga mkono hadharani.

Mkristo wa Karatu, awe Mlutheri au Mkatoliki, alikuwa amelisikia neno kikombe madhabahuni tangu utotoni. Kuna kikombe cha Chakula cha Bwana. Kuna kikombe ambacho Yesu aliomba kimwondokee pale Gethsemane, kisha akakinywa. Kwa hiyo neno liliposhuka na vumbi la barabara ya Loliondo halikuja tupu. Lilikuja na damu, agano na msamaha ndani yake. Mchungaji angeiita dawa yake maji ya mizizi, ingekaa sokoni pamoja na dawa nyingine za miti shamba ambazo Wamasai huzitembeza hadi Kariakoo, na kila mtu angeinunua au kuiacha kwa akili zake. Jina la kikombe liliifanya iwe vigumu kuulizwa maswali.

Na waliokwenda walikuwa na sababu nzito. Magonjwa yaliyotajwa Samunge yalikuwa magonjwa sugu: ukimwi, kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu. Sugu ni ngozi iliyokufa na kukakamaa kwa kusuguliwa, ile inayoota kiganjani mwa mshika jembe. Wairaqw wanaolima miteremko ya Oldeani wanayo mikononi. Mwanzoni pale mahali panauma, baadaye hapaumi tena, lakini sugu yenyewe haitoki. Aliyeyaita maradhi haya sugu alijua anachosema, maana hufika siku ambapo habari ya ugonjwa wako haimshtui tena mtu yeyote isipokuwa wewe mwenyewe.

Hospitali ilikuwa imempa mwenye VVU neno jingine: dawa za kufubaza. Kufubaza ni kufanya kitu kififie, rangi ipoteze ukali wake. Nalipenda neno hili kwa uaminifu wake. Haliahidi kupona, linaahidi kwamba makali yatapungua ukimeza kila siku, saa ileile, maisha yako yote. Samunge iliahidi kupona, tena kwa kikombe kimoja. Weka kufubaza na kupona mbele ya mama anayeogopa kufa akaacha watoto wadogo, halafu umlaumu kwa alichochagua. Wapo walioacha dawa baada ya kunywa. Wataalamu wa afya walisema dozi isikatishwe, lakini walisema kwa lugha ya waraka wa serikali, na lugha hiyo haikuwa na nguvu ya kushindana na neno lililotoka madhabahuni.

Neno mganga nalo linanisumbua. Halmashauri za Karatu na Ngorongoro kila moja ina Mganga Mkuu wa Wilaya; kituo cha afya kina Mganga Mfawidhi. Ni vyeo vya serikali, na mwenye cheo amesomea. Ingia ibadani, na mganga amekuwa mtu wa kukimbiwa: aliyekwenda kwa mganga anatakiwa kutubu. Kuganga ni kutibu, ni kufunga palipovunjika. Kila mmoja wetu husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na hakuna anayeshtuka. Hata Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo humwita Luka tabibu, haikuona aibu kuwaita waganga wale watumishi wa Yusufu walioupaka dawa mwili wa baba yake. Neno lilichafukia mitaani na kwenye mimbari, na limeacha pengo baya: bibi wa Mang'ola akiambiwa na mwinjilisti aachane na waganga, kisha akaona kibao cha Mganga Mfawidhi, anaingia au anarudi nyumbani? Mwasapila hakuitwa mganga. Watu walimwita Babu, na katika heshima zetu babu haulizwi cheti.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro ziliupokea Ukristo na hospitali kwa mkono mmoja. Hospitali ya Wasso ilijengwa miaka ya 1960 na daktari Mwaustria, Herbert Watschinger, ikawa hospitali teule ya wilaya. Endulen ni ya Jimbo Kuu Katoliki la Arusha. Karatu wana hospitali ya Kilutheri. Teule ni neno la kanisani kabla halijawa la Wizara ya Afya. Na uzima tunausalimiana kila asubuhi, "U mzima?", kabla hatujausikia ukihubiriwa kuwa wa milele. Mtu asingetegemea kwamba mahali kama hapa imani na tiba zingekuja kutazamana kwa jicho la pembeni.

Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo miaka ya 1960, alisimulia katika kitabu chake Christianity Rediscovered cha mwaka 1978 jinsi mzee mmoja wa Kimasai alivyomsahihisha. Neno ambalo padri alikuwa akilitumia kwa imani, mzee alisema, lina maana ya kukubali tu, na kukubali ni kazi ya macho na kidole, kama Mzungu anayempiga mnyama risasi kutoka mbali. Mwenye imani ya kweli yuko kama simba anapowinda: pua, masikio, miguu, mabega, kucha, mwili wote umo. Nikiisoma Samunge kwa mafundisho ya mzee yule, naona imani ambayo miguu yake ilisafiri siku tatu kwenye vumbi lakini haikutembea hadi kliniki ya jirani.

Mzee alimchagua simba akijua anazungumza na watu gani. Ngorongoro ina wachungaji wa aina mbili, wa mifugo na wa kanisa, na wa kwanza walikuwapo kabla ya misheni. Kijana anayepeleka ng'ombe malishoni Nainokanoka anatembea ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Anamwogopa simba, na kuogopa kwake ni elimu: kunamfanya asikilize ndege walionyamaza, atazame upepo, arudishe ndama kabla jua halijazama. Ukimwondolea kuogopa huko umemuua.

Kiswahili kimempa kijana huyu maneno kadhaa, na hayalingani. Kuogopa ni kwa mwili, miguu inataka kukimbia. Woga ni kuogopa kuliko­geuka tabia. Hofu, tuliyoipokea kwa Waarabu, hukaa moyoni hata simba asipokuwapo. Wasiwasi, nao wa huko huko, ni mnong'ono unaojirudia masikioni. Kisha kuna kucha, kitenzi ambacho siku hizi kimebaki karibu chote katika nyumba za ibada: mcha Mungu, uchaji, kicho. Anayemcha Mungu hamkimbii. Anasogea kwa adabu. Wamasai humwita Mungu Enkai, na mvua nayo ni enkai. Mtu anayeishi kwa ng'ombe haiogopi mvua. Anaicha.

Ukoo huohuo una kuchelea, neno ambalo natamani lirudi midomoni mwetu. Kuchelea ni kuona mbele, kuhofia litakalofuata ukitenda au usipotenda. Linaweza kuzidi, ndiyo maana tunaonywa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama wa Rhotia anayempeleka mtoto kwenye chanjo akijua sindano itamliza ameielewa methali hiyo kwa vitendo. Anachelea surua kuliko anavyochelea machozi. Huo ni upimaji wa hofu mbili, na ni kazi ya akili na ya upendo kwa pamoja.

Mahubiri mengi ya siku hizi yamekusanya kuogopa, woga, wasiwasi, kicho na kuchelea, yakavitia vyote katika gunia moja lililoandikwa hofu, kisha yakalitupa nje kwa jina la Yesu. Na tahadhari ikaenda na gunia.

Mwaka 2020 tuliyaona matokeo. Korona ilipoingia nchini mwezi Machi, Rais John Magufuli akiwa kanisani Dodoma alisema nyumba za ibada hazitafungwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye uponyaji wa kweli. Aprili 17 hadi 19 zikawa siku za maombi ya kitaifa. Naamini kuomba kulikuwa sahihi. Kilichoharibika ni msamiati. Aliyevaa barakoa aliulizwa imani yake iko wapi. Aliyesema jirani amekufa kwa korona aliambiwa anazua taharuki. Kisha hesabu ya wagonjwa ikasimama kwenye 509 na haikutangazwa tena kwa muda mrefu, na ugonjwa ukabaki hauna jina. Mapema 2021, misiba ilipozidi, matangazo yalisema marehemu alikuwa na "changamoto ya upumuaji". Changamoto ni neno la kumtia mtu ari. Hutumika kwa mtihani, kwa barabara mbovu, kwa timu iliyopoteza mchezo. Kumlaza marehemu ndani yake kuliwanyima wafiwa haki ya kujua wajikinge na nini. Ndiyo maana nawaheshimu maaskofu wa Baraza la Maaskofu Katoliki waliotoka Januari 2021 kuwaambia waumini kwamba nchi yetu si kisiwa na tahadhari zichukuliwe. Walirudisha neno tahadhari madhabahuni, mahali ambapo lilikuwa limefukuzwa.

Wazee wa Kiiraqw wangelielewa bila kuelezwa. Zamani nyumba iliyopatwa na kifo, au mimba iliyoharibika, ilitengwa na majirani kwa muda, isichangie vyombo wala maji, na hakuna aliyewaita wenye nyumba hiyo watu wasio na imani. Waliokuja kutuambia karantini ni jambo geni hawakuwauliza wazee hao.

Mstari uliosikika kuliko mwingine wowote katika miezi ile ulitoka waraka wa pili kwa Timotheo, ule unaosema habari za roho ya woga. Wahubiri wengi waliishia kwenye nguvu. Lakini mstari unaendelea hadi upendo, kisha unatua kwenye neno ambalo watafsiri wetu walilichagua kwa ustadi mkubwa: kiasi. Tunalitumia kila siku bila kulisikia. Kiasi cha dawa. Kiasi cha chumvi kwa mwenye presha. Mlevi aliyeacha anasemwa kuwa siku hizi ana kiasi. Yule ambaye hakupewa roho ya woga, kwa Kiswahili cha Biblia, ni mtu mwenye kipimo, na mtu huyo hamkumbatii mgonjwa wa kifua kikuu chumbani huku madirisha yamefungwa ili aonekane jasiri. Anafungua dirisha, anakaa naye, anahakikisha amemeza vidonge vyake. Hata Samunge walijua hivyo: kikombe kimoja, hakuna cha pili. Na muuguzi anayeandika kwenye bahasha ya dawa kutwa mara tatu anahubiri neno lilelile.

Neno hiari lilipita njia ngumu zaidi. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Julai 28, 2021. Chanjo ya korona ilikuja ikiitwa ya hiari, na ilikuwa hivyo. Juni 2022 neno hilo likapanda Ngorongoro. Kaya zilianza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni, na serikali ikasema wanahama kwa hiari. Wakazi na watetezi wao wamelalamika kwamba huduma zilibanwa ili watu wachoke, wakitaja pia hospitali ya Endulen; serikali imekana kumlazimisha yeyote. Agosti 2024 Wamasai kwa maelfu walijaa barabarani ndani ya hifadhi wakidai vijiji vyao na haki yao ya kupiga kura.

Mimi nasimama kwenye neno lenyewe. Hiari inamtaka mtu asiyeogopa. Mama mjamzito asiyejua zahanati itakuwa wazi mwezi ujao akisema "nitahama", amechagua nini? Anayetaka kujua kama mtu amehama kwa hiari aanze kumuuliza alikuwa akiogopa nini, na asikilize jibu hadi mwisho. Wachungaji wa aina ya pili wana wajibu wa kuuliza swali hilo kwa sauti, hata kama wataambiwa wanachanganya dini na siasa. Karatu wasishangae sana. Kwa miaka 15, kutoka 1995 hadi 2010, mbunge wao alikuwa Dk. Willibrod Slaa, padri wa zamani aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu.

Yaliyobaki ni ya mtu mmoja mmoja, na huko ndiko hofu inakofanya kazi yake kubwa. Chukua majibu. Hospitalini unapima, kisha unakaa kwenye benchi ukisubiri majibu. Ibadani unaomba, kisha unaambiwa upokee majibu yako. Wagonjwa wengi wako kwenye benchi zote mbili kwa wakati mmoja, na wengine wanakwepa ile ya kwanza kwa sababu ya pili inaahidi jibu zuri tu. Nimesikia watu wakisema kwa bidii, "Nakataa sukari kwa jina la Yesu," na namheshimu anayesema hivyo, kwa kuwa anapigania maisha yake. Lakini sukari ni kipimo cha damu, na damu inapimwa kwa tone moja kwenye kidole. Aliyepima akaijua namba yake ana jambo la kulipeleka kwenye maombi. Aliyekataa kabla ya kupima anaombea kitu asichokifahamu, na anabaki na wasiwasi, ule mnong'ono, usiku kucha.

Maradhi ya moyo na akili yana hali mbaya zaidi, kwa sababu maneno yake bado ni machanga. Watalii walipokatika mwaka 2020, Karatu, mji unaoishi kwa magari yanayopanda lango la Lodoare, ulijaa waongoza watalii na wapishi wa kambi waliokaa nyumbani na marejesho ya mikopo mikononi. Mikopo ile yenye riba ya kuua Watanzania wameiita kausha damu, na sijui istilahi ya uchumi iliyo sahihi kuliko hiyo. Mtu asiyelala, asiyekula, asiyetaka kuonana na watu, aliambiwa ana msongo wa mawazo, au ana pepo, au imani yake imepungua. Wataalamu wa afya ya akili wametupa neno sonona. Ni neno zuri, limetoka kwenye kitenzi chetu cha kuumia rohoni, na halimlaumu mtu. Padri au mchungaji akilitamka mimbarini mara moja tu, kwa utulivu, kama anavyotamka malaria, kuna mtu aliyekaa benchi la nyuma atakayejua kwamba kitu chake kina jina na kina kliniki.

Pa kuanzia ni matangazo ya Jumapili. Huwa tunatajiwa majina ya wagonjwa na kuombwa tuwaombee, na ni vizuri. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, usitajwe bila yeye kutaka. Lakini hakuna siri katika siku za kliniki ya presha na sukari, wala katika ratiba ya chanjo, wala mahali pa kuchukulia dawa za kufubaza. Mzee wa kanisa anaweza kuyasoma hayo baada ya tangazo la kwaya, kwa majina yake kamili, bila "changamoto" na bila "ugonjwa ule". Kisha aseme kwamba anayeogopa kwenda peke yake aonane naye mlangoni, na jumuiya itamtafutia mtu wa kumsindikiza.